Pareshoki ya chuma mbele ya pikapu: pigo linakwenda kwa nani?

Siku hizi, mtu akisimama karibu na mlango wa kiwanda saa ya kutoka kazini, ataona pikapu nyingi zilizobadilishwa uso. Ile pareshoki ya kwanza, iliyotoka pamoja na motokari, imeondolewa. Pahali pake pamewekwa chuma kizito: tiyo nene zilizopindwa, tole ya milimetre 4 ao 5, pembe mbili zinazopanda mbele ya mafari, na mara nyingine ndoano ya kuvutia. Fundi wa mtaa anaitengeneza kwa siku mbili tatu. Mwenye motokari anafurahi, watoto wa jirani wanakuja kutazama, na watu wanasema: «Sasa hii ni motokari ya nguvu.»

Ukurasa wetu wa usalama na afya haukatai mtu kupendeza motokari yake aliyoipata kwa jasho. Lakini tunataka kuuliza swali moja. Motokari inapogonga kitu, pigo halipotei hewani. Ni lazima liende pahali fulani. Pareshoki ya kiwanda ilikuwa inakula sehemu ya pigo hilo. Ile mpya ya chuma haikunjiki. Basi pigo litakwenda kwa nani?

Tulifuate pigo hilo hatua kwa hatua, kisha tutasema namna gani ya kufunga pareshoki hii bila kuvunja mgongo, bila kuunguza macho na bila kuugua homa usiku.

KAZI YA PARESHOKI YA KIWANDA

Watu wengi wanaidharau pareshoki ya kiwanda. Wanasema: «Ni plastiki tu, inapasuka kama sahani.» Ni kweli inapasuka, na ilitengenezwa kusudi ipasuke. Katika motokari nyingi za sasa, nyuma ya ile plastiki kuna chuma cha kati, na nyuma ya chuma hicho kuna sehemu za shasi zilizoandaliwa kukunjika moja baada ya nyingine, kama karatasi inayofinyangwa mkononi. Wakati chuma kinapokunjika, kinakula nguvu ya mgongano, na watu walio ndani wanapata nafasi ya kusimama pole pole zaidi.

Mawazo haya si ya jana. Injinia Béla Barényi, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Mercedes-Benz, aliyaandikia ombi la hati ya uvumbuzi mwaka wa 1951. Wakati ule watu walisema motokari nzuri ni ile iliyo ngumu pande zote. Yeye alifikiri kinyume: kibanda cha watu kiwe kigumu, lakini pua na mkia vikunjike. Motokari ya kwanza iliyoundwa kwa kufuata mpango huo ilitoka mwaka wa 1959. Leo karibu kila kiwanda cha motokari duniani kinafuata njia hiyo.

Tufanye hesabu kidogo. Motokari inayokwenda kilometre 50 kwa saa, ikigonga ukuta, ni kama imeanguka kutoka juu ya nyumba yenye urefu wa karibu metre 10. Tuseme shofere ana kilo 70 na amefunga mkaba. Kama pua ya motokari inakunjika santimetre 60 kabla ya kusimama, mwili wake unavutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 1 na kidogo. Kama ingekunjika santimetre 10 tu, nguvu hiyo ingekuwa mara sita, yaani karibu tani 7. Ukuta ni ule ule, mwendo ni ule ule. Tofauti ni zile santimetre.

Hatusemi kwamba pareshoki ngumu inaondoa santimetre zote. Shasi nayo itakunjika kidogo. Lakini kila santimetre iliyoondolewa, atakayeilipa ni kifua cha mtu, shingo ya mtu, na mtoto aliyekaa kiti cha nyuma.

Kuna jambo lingine. Pikapu nyingi za miaka hii zina mifuko ya hewa inayofura mbele ya shofere katika mgongano mkali. Mashini ndogo zinazopima pigo ndizo zinazoamuru mfuko ufure, na nyingine zimefungwa huko mbele kabisa. Zilipimwa pamoja na pareshoki ya kiwanda. Ukiweka chuma kizito kisichotengenezwa kwa ajili ya motokari ile, ukachimba tundu ao ukahamisha kile kimashini, mfuko unaweza kuchelewa kufura, ao kufura wakati usiofaa. Mfuko unafura kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Ukichelewa kidogo tu, kichwa kimekwisha kufika kwenye usukani.

MTU ALIYE NJE HANA SHASI

Tumesema juu ya watu walio ndani. Sasa tutazame nje.

Kutoka Lubumbashi kupita Likasi mpaka Kolwezi ni karibu kilometre 300. Nani anakutana na pikapu kwenye njia ile? Kuna muuza makala anayesukuma baiskeli, ao kinga kama tunavyosema hapa kwetu, yenye magunia mpaka inapita kichwa chake. Kuna mama mwenye beseni kichwani. Kuna wanafunzi wenye shati jeupe na nguo ya buluu. Kuna kijana wa motopikipiki aliyebeba watu wawili.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka wa 2021 watu karibu milioni 1 na elfu 190 walikufa barabarani duniani kote. Zaidi ya nusu yao walikuwa wenye kutembea kwa miguu, wenye baiskeli na wenye motopikipiki, yaani wale ambao hawana chuma chochote kati ya mwili wao na pigo.

Hizi pareshoki za tiyo zinajulikana sana katika Australia. Huko kangaruu wanaruka barabarani usiku, mbali na miji, na mkulima akivunja radiatere anaweza kukaa siku nzima bila kuona mtu. Kwetu Katanga hakuna kangaruu. Kinachotokea mbele ya pikapu saa kumi na mbili na nusu ya jioni, wakati jua limekwisha kushuka na vumbi limejaa, ni mtu.

Pareshoki ya kiwanda na kifuniko cha mashini vinabonyea kidogo mtu anapogongwa. Tiyo ya chuma haibonyei. Tena ni nyembamba, kwa hiyo pigo lote linaingia pahali pamoja pa mwili. Kwa mtu mzima, pikapu iliyoinuliwa inampiga kwenye paja, nyonga na tumbo. Kwa mtoto wa miaka saba, mwenye urefu wa karibu metre 1 na santimetre 20, chuma kile kile kiko mbele ya kifua na kichwa.

Kwa sababu hiyo, mwaka wa 2005 nchi za Umoja wa Ulaya zilitoa sheria: kinga ya mbele ya motokari ndogo ni lazima ipimwe kwanza kwa vyombo vinavyofanana na mguu wa mtu na kichwa cha mtoto. Ile inayoshindwa kipimo haiuzwi. Katika India, mwezi wa Desemba 2017, wizara ya barabara iliagiza majimbo yaadhibu wanaofunga vyuma hivi kwenye motokari.

Na sisi wa dispansere tunataka kuongeza jambo moja ambalo fundi wa garaji hawezi kulijua. Katika nchi yenye malaria, watu wengi, na zaidi watoto, wana bandama iliyovimba. Bandama iko upande wa kushoto, chini ya mbavu. Ikivimba, inakuwa laini na inatoka nje ya ulinzi wa mbavu. Pigo ambalo lingemwachia mtu mwingine alama nyeusi tu kwenye ngozi linaweza kupasua bandama ya namna hiyo, na damu inamwagika ndani ya tumbo bila kuonekana. Mtu anaamka, anapangusa vumbi, anasema «niko salama», anakwenda nyumbani. Baada ya saa chache anaanguka.

Basi jibu la swali letu ni hili: pigo ambalo pareshoki ngumu inakataa kulipokea, inalituma kwa watu wawili. Mmoja ni yule aliyekaa ndani ya motokari. Mwingine ni yule anayetembea kando ya barabara, na huyu hakuulizwa.

JE, INAKATAZWA KABISA?

Kuna kazi zinazohitaji pareshoki ya nguvu. Motokari ya watu wanaotafuta mawe porini, inayopita katikati ya miti kwa wiki nzima, ina sababu. Motokari inayokwenda kazini, sokoni na kanisani haina sababu ile. Kabla ya kutoa franka zako, jiulize maneno matatu:

— Je, motokari yangu inafanya kazi porini, ao ninataka sura tu?
— Je, pareshoki hii ilitengenezwa kwa ajili ya aina na mwaka wa motokari yangu, na muuzaji anaweza kunionyesha karatasi inayosema hivyo juu ya mifuko ya hewa?
— Je, ina kilo ngapi?

Ukikosa jibu la moja kati ya hayo, ngoja kwanza. Na kama ni motokari ya kompani, usiiguse hata kidogo bila ruhusa ya maandishi ya garaji na ofisi ya usalama. Hata taa moja ya kuongeza, uliza kwanza.

KAZI YA KUFUNGA: HATARI KIPANDE KWA KIPANDE

Tuseme sababu ipo, na pareshoki ni ile iliyotengenezwa kwa motokari yako. Kazi ya kuifunga inafanywa na watu wawili ao watatu, mchana, si na mtu mmoja usiku kwa taa ya simu.

1. Simamisha motokari vizuri. Pahali pawe pagumu na sawa, si udongo laini. Vuta freni ya mkono, tia gia, weka mawe ao mbao mbele na nyuma ya magurudumu. Mara nyingi kazi hii inaweza kufanywa bila kuinua motokari. Kama ni lazima kuinua, kriki ni ya kuinulia tu. Kinachoshika motokari ni miguu ya chuma ya kutegemezea, iliyowekwa chini ya shasi. Matofali yanapasuka ghafula bila kutoa sauti. Mtu asiingie chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kuokota ekru.

2. Ondoa batiri. Toa waya wa hasi (–) kwanza, kisha wa chanya (+). Kama motokari ina mifuko ya hewa, ngoja angalau dakika 10 kabla ya kugusa nyaya za mbele, maana umeme unabaki ndani kwa muda. Wakati wa kurudisha, hasi ndiyo ya mwisho. Pete na saa ya chuma zivuliwe: zikigusa chanya na shasi kwa pamoja, zinaungua na kidole ndani yake.

3. Shika pareshoki ya zamani kabla ya kulegeza buloni ya mwisho. Mtu mmoja analegeza, wengine wanashika. Nyaya za taa zikatwe kwenye viungo vyake, si kwa kuvuta. Picha ya kila kiungo, iliyopigwa kwa simu, itasaidia wakati wa kurudisha. Pareshoki ya kiwanda msiitupe. Siku moja mtaitaka.

4. Jihadhari na uzito. Pareshoki nyingi za chuma zina kilo 40 mpaka 80. Taasisi ya Marekani ya usalama wa kazi, NIOSH, iliweka mwaka wa 1991 kipimo cha kilo 23 kwa mtu mmoja, tena katika hali nzuri: mzigo uko karibu na mwili, mikono iko kwenye urefu wa kiuno, mgongo haukupindwa. Mtu aliyeinama mbele ya pikapu, akishika chuma mbali na tumbo huku akitafuta tundu la buloni, yuko katika hali mbaya kabisa. Ndiyo namna mgongo unavyoumia kwa miaka. Wekeni pareshoki juu ya mbao zilizopangwa ao juu ya kriki ya magurudumu, muipandishe pole pole mpaka matundu yalingane. Na kidole kisitumiwe kutafuta tundu! Ingiza bisibisi ao kipande cha chuma chenye ncha. Chuma kikiteleza, ni bora kikate bisibisi.

5. Tumia buloni za kweli. Tazama kichwa cha buloni. Namba 8.8 inasema kwamba kila milimetre ya mraba inaweza kuvutwa kwa karibu kilo 80 kabla ya kukatika. Buloni ya 4.6 inabeba nusu ya hiyo tu, na buloni isiyo na alama hakuna anayejua inabeba nini. Kipande cha ferabeto kilichochongwa uzi si buloni. Pareshoki ifungwe kwenye matundu ya shasi yaliyotengenezwa na kiwanda, si kwenye tole ya mwili wa motokari.

6. Kaza kwa kipimo. Ingiza buloni zote kwa mkono kwanza, linganisha pande mbili, ndipo kaza kwa zamu, kushoto na kulia, kwa kle ya kupimia nguvu. Fuata namba ya karatasi ya kiwanda. Kwa buloni ya milimetre 12 yenye alama 8.8, kipimo cha kawaida ni karibu newtoni-metre 80. Piga alama ya rangi kwenye ekru na chuma. Baada ya kilometre 100 angalia tena: kama alama hailingani, ekru imelegea.

MOSHI UNAOFANANA NA MALARIA

Sehemu hii ni ya masudere, na ya wake zao vilevile, kwa sababu ugonjwa huu unakuja usiku nyumbani.

Tiyo nyingi zinazotumiwa mtaani ni tiyo za maji, zile zenye rangi ya fedha. Rangi ile ni zinki. Moto wa sudure ukigusa zinki, unatoka moshi mweupe mzito. Anayeuvuta hasikii kitu kikubwa saa ile, labda ladha ya chuma mdomoni na koo kavu. Saa 4 mpaka 10 baadaye, mara nyingi amekwisha kulala, anaanza kutetemeka kwa baridi, kichwa kinauma, viungo vinauma, joto la mwili linapanda, anakohoa, ana kiu. Mke wake anasema: «Ni palu.» Kesho yake anameza dawa ya malaria. Kesho kutwa amepona, na anashukuru ile dawa. Kumbe ilikuwa homa ya moshi wa zinki, ambayo inaisha yenyewe kwa siku moja ao mbili.

Ubaya wake ni wa namna mbili. Kwanza, mtu huyu atarudi kwenye moshi ule ule, maana hajui adui yake. Tena mwili unauzoea moshi kidogo katikati ya juma na kusahau siku ya mapumziko, ndiyo maana homa inauma zaidi mwanzo wa juma. Pili, siku atakapopata malaria ya kweli, anaweza kusema «ni moshi tu» na kuchelewa. Malaria inaua. Basi kila homa ipimwe damu kwenye dispansere. Na ukifika, mwambie mganga: «Jana nilipiga sudure.» Neno hilo moja linatusaidia kuliko maelezo mengi.

Na maziwa? Tangu zamani wafanyakazi wengi wanaamini kwamba maziwa yanaondoa sumu ya moshi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni, na moshi uko katika mapafu. Havikutani. Kinachosaidia ni hiki: ondoeni zinki kwa meule pande zote mbili za pahali pa kuunganisha, santimetre 5 mpaka 10, mkivaa kinyago cha vumbi na malineti. Pigeni sudure nje, upepo ukipeleka moshi mbali, kichwa kisiwe juu ya moshi.

Msipige sudure juu ya chuma kilichosafishwa sasa hivi kwa dawa za kuondoa mafuta zenye klori. Moto wa sudure unaweza kuigeuza dawa ile kuwa hewa ya sumu inayoharibu mapafu. Mtu aliyevuta moshi akaanza kupumua kwa shida ao kusikia kifua kinabana, asingoje asubuhi. Hiyo si homa ya zinki ya kawaida. Aende hopitali mara moja.

Pareshoki yenyewe isiunganishwe kwa sudure kwenye shasi. Moto unadhoofisha chuma cha shasi, tiyo za esansi ao mazuti ziko karibu, na batiri inatoa hewa inayolipuka. Tengenezeni chuma mbali na motokari, kisha kifungeni kwa buloni. Chupa ya kuzimia moto iwe karibu, si katika depo iliyofungwa.

Macho: mwanga wa sudure unaunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi, na maumivu yanakuja baada ya saa 6 mpaka 12. Mtu anasikia kama mchanga umejaa machoni, machozi yanatiririka, mwanga unamchoma. Mara nyingi anayeumia si sudere mwenye kinyago, ni kijana anayeshika chuma, ao mtoto anayetazama. Fukuzeni watazamaji. Aliyeumia akae gizani, aweke kitambaa safi chenye maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, na aje dispansere. Msitie maziwa ya mama, wala maji ya majani, wala dawa ya jirani.

BAADA YA KUFUNGA

Motokari sasa imebadilika, na shofere naye abadilike.

— Pua ni nzito zaidi. Ressort za mbele zinashuka, magurudumu ya mbele yanabeba zaidi, na freni inafanya kazi zaidi. Pima tena mwelekeo wa mafari ukutani. Tiyo isifunike fari, wala taa ya kugeuka, wala namba ya motokari.
— Radiatere inahitaji upepo. Tole pana ikiziba upepo, mashini inachemka, na mtu anayefungua kifuniko cha radiatere ya moto anaungua uso.
— Katika matope ya masika, usifunge shene kwenye tiyo ya urembo. Vuta kwenye pahali palipotengenezwa kuvutia, palipofungwa kwenye shasi. Shene ao ndoano inayokatika inaruka kama risasi. Watu wote wasimame mbali, zaidi ya urefu wa shene yenyewe.
— Punguza mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo inaongezeka mara nne. Kilometre 30 kwa saa ni kama kuanguka kutoka metre 3 na nusu. Kilometre 60 ni kama kuanguka kutoka metre 14. Kwenye lami kavu, na freni nzuri, shofere aliye macho anasimama kwa karibu metre 13 akienda 30, na kwa karibu metre 37 akienda 60. Kwenye udongo wenye changarawe inazidi. Hakuna chuma chochote mbele ya motokari kinachofupisha metre hizo.

KAMA AJALI IMETOKEA

Zuia motokari nyingine kwanza, ili wasigongwe na wengine. Damu inayotoka, kandamiza kwa nguvu kwa kitambaa safi, usiachilie kila mara kutazama. Aliyegongwa asikamatwe mikono na miguu na kutupwa nyuma ya pikapu kama gunia. Kama ni lazima kumsafirisha, watu wanne wampandishe kwa pamoja juu ya ubao ao mlango, mmoja akishika kichwa kisigeuke.

Asipewe chakula wala kinywaji. Na hata kama anasimama na kucheka, mtu aliyegongwa tumboni ao mbavuni aende hopitali siku ile ile. Mkiona amegeuka mweupe midomoni, ana jasho la baridi, bega la kushoto linamuuma bila jeraha, tumbo limekuwa gumu, basi damu inamwagika ndani. Hapo kila dakika ina thamani.

Aliyeungua atiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Si mafuta ya mawese, si dawa ya meno, si majivu. Kidole kilichobanwa na kupasuka kioshwe, kifungwe, na mtu aje kutazamwa sindano yake ya pepopunda.

NENO LA MWISHO

Ndugu wafanyakazi, katika kiwanda tunavaa kaske na botini, na tunazoea kusema kwamba vitu hivi ni vya kujikinga. Pareshoki ya chuma nayo inaitwa kinga, lakini si ya namna ile. Kaske haimuumizi jirani. Chuma kigumu kilichowekwa mbele ya pikapu kinalinda mafari na radiatere, na gharama yake inaweza kulipwa na mtoto wa mfanyakazi mwenzako anayerudi kutoka masomoni.

Kama hakuna kazi ya porini, acheni pareshoki ya kiwanda pahali pake. Ikivunjika, mtanunua nyingine. Kama kazi ipo, fungeni ile iliyotengenezwa kwa motokari yenu, kwa buloni za kweli, watu watatu, mchana, mbali na moshi. Kisha mpite pole katika vijiji.

Plastiki inauzwa sokoni. Bandama ya mtoto haiuzwi.

Msaidizi wa mganga, dispansere ya kompani